Jiwe la Jani Nimelitoa Kaburini Kwako

Baba,

Shikamoo. Hutaitikia, najua, lakini hukunilea nianze maneno bila salamu.

Nakuambia kabla hujasikia kwa mdogo wako. Jana baada ya misa nimebomoa saruji ya kaburi lako. Si yote, ni pale chini ya msalaba. Siku ya mazishi Baba Mdogo, fundi wetu hodari, alikosa jiwe bapa la kukalisha msalaba, akachukua lile lako la mgodi wa Ngaka, lenye chapa ya jani, ulilolitunza chini ya kitanda chako. Akalilaza kifudifudi, jani chini. Nimejua juzi tu, nilipolitafuta nilipeleke shuleni ninakofundisha, Kitura. "Jiwe ni jiwe," akanijibu.

Iliniuma sana. Ulilitoa mgodini umelifunga kwenye shati, kijiji kikacheka: wenzake wanarudi na sukari, yeye anarudi na jiwe. Ukanionyesha shambani, nikifukia nyasi ulizolaza kwenye ngolo, vile vishimo vyetu vya kulimia mteremkoni. Ukasema nyasi hizi zikifukiwa zinageuka udongo mweusi. Na kule Ngaka majani yalifukiwa na tope, yakalala mpaka yakawa makaa ya mawe. Ina maana palikuwa na kinamasi na baridi. Juu yake kuna mwamba mwekundu usio na jani hata moja, kwa sababu jua lilikuja likakausha kila kitu. Nchi hii imeshabadilika, ukasema, na hakuna mtu aliyekuwepo kuona. Wakakuita mwehu. Hata mimi, Baba, nilikuwa msichana, niliona aibu. Nisamehe.

Baba Mdogo alisimama mbele yangu akasema kaburi halifukuliwi. Nikamwambia sifukui mtu, nachukua ushahidi wake. Nikapiga nyundo. Alinuna, lakini aliponiona nakoroga saruji kama uji alininyang'anya mwiko, akasimamisha msalaba mwenyewe juu ya matofali. Umenyooka kuliko mwanzo, usijali.

Jani halijaumia. Saruji nimeikwangua kwa kisu, mishipa yake yote inaonekana.

Nyumba imepoa bila wewe. Kahawa imechanua kabla ya wakati na sina wa kumuuliza kwa nini.

Pumzika, Baba. Kesho naingia nalo darasani. Sitawaambia waniamini, nitawapa walishike, mmoja mmoja, na jina lako nitaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Atakayesema ulikuwa mwehu, aseme akiwa amelishika.

Binti yako