Shimo kwenye Masale ya Baba

Mtwara

Mdogo wangu mpendwa Naishiye,

Kosa la watu wengi wanaposimulia vita ni kutazama mahali bunduki zilipolia. Nilipokuwa nafundisha, kila mwaka niliwauliza wanafunzi: pale Lolkisale, katika vita vya Mwingereza na Mjerumani, walipigania nini? Wakajibu kwa pamoja, "Kilima, mwalimu!" Hapana. Walipigania maji. Chemchemi ilikuwa kilimani, na nchi yote ya chini kavu. Aliyeshika maji ndiye aliyeshika vita. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata ya kufungua bahasha. Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mwenye pembe moja ameshazaa? Mimi ni mzima. Joto la huku limenizoea kuliko nilivyolizoea mimi, na binti yangu ananitunza vizuri ila ananinyima chumvi. Watoto wa mtaani wananiita Babu Mmasai. Nimewaeleza mara nyingi kwamba Mwarusha na Mmasai ni ndugu lakini si mtu mmoja, wananisikiliza kwa adabu, kisha wanasema, "Sawa, Babu Mmasai."

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Siku hizi simu yako anaipokea mwanao Meshaki, na Meshaki ndiye aliyemleta nyumbani huyo mgeni mwenye mashine ya kutafuta mali ya Mjerumani. Ndiyo maana nimempa barua mwinjilisti wenu, aliyekuja huku kwenye semina, aiweke mkononi mwako na si kwa mwingine.

Juzi uliniambia kwamba mgeni ameshachimba shimo la kwanza kwenye kona ya barabarani, na kwamba isale la kona, mmea wetu wa mpaka, limeng'olewa. Ukaniambia, "Kaka, nilimkataza. Akacheka, akasema, 'Mama, ninyi Walutheri mnaogopa majani?'" Kisha Meshaki akakunyang'anya simu.

"Mjomba, acha historia zako. Hii mashine ni ya kisasa, inalia yenyewe."

"Inalia wapi?"

"Kwenye masale. Kote kwenye mstari wa masale, mpaka kule kwa jirani. Askari wa Mjerumani waliokimbia Lolkisale walipita hapa Terrat, wakazika masanduku. Jumapili tunang'oa yote, tunachimba."

"Jumapili saa za ibada?"

"Ndipo kuna utulivu, mjomba."

Tangu siku hiyo ninatafuna maneno hayo. Sikiliza. Wakati wa vita vya Lolkisale, mji wa Arusha ulikuwa umeshachukuliwa na Mwingereza. Askari anayekimbia kutoka Lolkisale akapita Terrat kuelekea Arusha, anakimbilia wapi? Mikononi mwa anayemfukuza? Isitoshe, Wajerumani wa kilimani pale walijisalimisha. Anayejisalimisha hukutwa na vitu vyake vyote. Hapati nafasi ya kuzunguka na masanduku.

Na hata kama wangepita, Terrat wakati ule ilikuwa malisho matupu. Mstari ule wa masale aliupanda baba, na wakati wa vita hivyo baba alikuwa hajazaliwa. Mjerumani alijuaje kuzika mali kwa kufuata mpaka wa mtu ambaye bado hajaja duniani?

Nimejiuliza kwa nini mashine inalia. Huenda inalia kweli. Baba alivuta seng'enge pale kabla masale hayajashika, nasi tulichanika miguu kwa waya huo. Mabaki yake yamo ardhini. Kwa hiyo nilitaka kusema mgeni ni mjinga tu, si mwizi. Lakini mjinga angechimba panapolia. Kwa nini aanze kwa kung'oa yote, kutoka barabarani mpaka mwisho, siku ambayo wazee wote wako kanisani? Na kwa nini sasa, mara tu jirani wa magharibi alipouza eneo lake kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona uso?

Ushahidi sina, Naishiye. Nina shaka, na shaka yangu haijalala. Hapo kwetu hakuna mtu anayeng'oa isale la mwenzake. Hata wagomvi huweka panga chini wakilionyeshwa. Siku masale yakitoweka, na mashimo yakafukiwa kwa trekta, nani atasema mpaka ulipita wapi? Mimi niko mbali. Wewe ni mjane uliyerudi kwa baba, na wapo wanaonong'ona kwamba mwanamke hana mpaka. Masale yale ndiyo yanayokusemea. Mali ya Mjerumani ni kilima. Mpaka wako ndio maji.

Najua umechoka na bati linalovuja, na mtu anayekuahidi sanduku anasikika vizuri usiku wa mvua. Hapa mtaani jirani yangu alichimba sebule yake nzima kutafuta rupia. Sasa analaza kuku humo.

Usimgombeze Meshaki. Simwiti mwizi, naona anatumiwa, na aliyetumiwa huwa wa mwisho kujua. Mwambie mjomba wake anampenda na anataka kuiona hiyo mashine.

Nisalimie shangazi yetu aliyebaki kule Kijenge, umsemeshe polepole kwenye sikio la kulia. Msalimie mchungaji, na mkwe wako mwenye karakana Ngarenaro, na mzee Lemburis, aliyemshikia baba kamba ya kupimia siku masale ya mpaka yalipopandwa.

Ni mimi kaka yako, Lazaro, niliye mbali kwa miguu tu.

Leo hii, kabla ya kukamua, mwite mzee Lemburis asimame kama shahidi, ukate tawi la isale, ulichomeke kwenye lile shimo la kona.