Nusu ya Maneno Yangu Bungeni

Mitundu, Itigi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Na Mama umfikishie shikamoo yangu. Goti lako linaendeleaje? Alizeti mmeshavuna? Mimi mwili ni mzima, ila mshtuko haujanitoka hadi leo. Ningepiga simu, lakini ningelia kabla sijafika katikati.

Najua Bunge likiwa linaendelea, redio hapo Mungaa haizimwi. Kama ulimsikia mbunge wa huku akitaka walimu wakuu wavuliwe madaraka matokeo yakiwa mabaya, na kwamba kuna mwalimu anayemuunga mkono, mwalimu huyo ni mimi. Lakini sikusema hivyo, Baba.

Ilikuwa hivi. Mheshimiwa alifika shuleni bila taarifa. Mwalimu mkuu wetu, Mama Agnesi, yule aliyenipokea kwake nilipofika huku sina hata godoro, alikuwa msibani. Nikamkaribisha mimi. Akanywa chai, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, shule ikishika mkia kila mwaka, nani awajibike?"

Nikamjibu, "Mwalimu mzembe awajibike, Mheshimiwa. Lakini kiangazi wafugaji wanahama na ng'ombe, na watoto wanaondoka nao. Darasa la saba linabaki nusu. Hapo utamvua cheo nani?"

Akasema, "Umenisaidia sana." Nikafurahi, nikajiona nimeisemea shule yangu.

Wiki iliyofuata tulikuwa ofisini wakati wa mapumziko, tunasikiliza Bunge kwenye simu ya mwalimu mwenzetu. Nikaitambua sauti ya Mheshimiwa: "Mwalimu mmoja jimboni kwangu ameniambia mwenyewe, mzembe awajibike!" Wabunge wakapiga meza. Akaishia hapo hapo.

 Mama Agnesi akaweka kikombe chini.

"Siku ile niko msibani, ulikuwa wewe?"

"Ni mimi, Mama, lakini..."

"Basi," akasema, akatoka.

Nilimfuata, nikamweleza yote. Akaendelea kutembea. Tukawa tunasalimiana kama watu waliokutana stendi.

Mheshimiwa aliporudi kuzungumza na wazazi, niliomba kipaza sauti. 

"Mheshimiwa, bungeni ulisema nusu ya maneno yangu. Naomba uwaambie wazazi hawa nusu iliyobaki."

Akacheka. "Mwalimu, dakika za bungeni ni chache."

"Hapa hatuna haraka," mama mmoja wa kifugaji akasema kutoka nyuma. "Sema."

Kicheko kikamwisha, akatazama saa. Nikayasema mwenyewe, yote, mbele yake. Akajibu kwamba amesikia, akaondoka bila kugusa wali aliopikiwa.

Watu walipotawanyika Mama Agnesi alinishika mkono, akauminya. "Kumbe," akasema. Neno hilo moja tu.

Hoja yenyewe ya kuwavua madaraka walimu wakuu bado haijaamuliwa. Jana nimemkuta Mama Agnesi anatoa mapazia ya ofisini kwake, yale aliyoshona kwa mkono wake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema anakwenda kuyafua. Baba, wiki hizi maji ya kunywa yenyewe tunayasaka; naona anajiandaa kuondoka.

Msalimie shangazi, bibi mzaa mama, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie asitoroke shule. Mniombee, na Mama Agnesi mmuombee.

Ni mimi binti yako,
Rehema