Uyoga wa Siku ya Akina Mama

Ijumaa, 10 Mei

Watu wangu wote wapo, nashukuru. Taisto mume wangu mzima, isipokuwa goti. Mama mkwe Elvi mzima, ila hasikii—au hataki. Paka mzima, kanenepa. Saija binti yangu na mumewe Jouni wazima, watakuja Jumapili kutoka mjini Turku. Mimi? Nimechoka tu. Mgongo.

Taisto kaleta ndoo ya korvasieni kutoka pale walipokata misonobari mwaka jana. Uyoga wa sura mbaya, mikunjo kama ubongo. Mbichi unaua mtu. Ukichemshwa mara mbili, maji yote yakamwagwa—hakuna kitamu kama huo!

Jumapili, 12 Mei

Siku ya akina mama, na theluji ya maji inanyesha. Mei hii! Niliuchemsha uyoga madirisha yakiwa wazi, maana hata mvuke wake ni sumu. Taisto akanung'unika, eti kinachopikwa ni uyoga, kinachogandishwa ni yeye.

Saija hakuingia jikoni kabisa. Akatusomesha kutoka sebuleni: kwamba uyoga wenyewe uko chini ya udongo, nyuzi nyembamba tu, tunachochuma ni kama tunda lake. Kwamba unakula mizizi iliyokufa, bila hivyo msitu ungejaa maiti za miti. Taisto akasema basi sisi tunamla mla maiti. Tulicheka.

Mezani, mchuzi wa krimu na viazi. Saija akachukua viazi vitupu. Iliniuma—nimesimama tangu asubuhi! Nikamwambia, umekuwa wa mjini, unaogopa chungu cha mama yako? Baba yake akaongeza, labda huko Turku wanakula maua. Akatutazama. Akapakua. Akala, akaongeza. Nilifurahi mno.

Jumatatu, 13 Mei

Vyombo. Mgongo.

Jumanne, 14 Mei

Saija kapiga simu. Anatapika. Nikamwapia, nilichemsha mara mbili, haki ya Mungu! Halafu akasema: "Mama, nina mimba."

Mwenye mimba haruhusiwi kuugusa uyoga huo, hata uchemshwe vipi. Kila mtu huku anajua. Mimi mwenyewe nilipombeba yeye sikuonja. Nikauliza, mbona hukukataa? Akasema, ningekataa ungejua. "Na ukijua wewe, Mama, kwaya nzima ya kanisa inajua."

Kweli. Zile mimba zake mbili zilizoharibika, nilikuwa nimeshafuma soksi na kutangaza kwayani. Watu wakampa pole dukani, mbele ya mikate, naye bado anavuja damu.

Hospitalini wamempima damu, ini bado zuri. Kutapika huenda ni mimba yenyewe, huenda ni uyoga wangu. Mtoto ataangaliwa kwenye kipimo cha picha Alhamisi. Baba asiambiwe, kasema.

Jumatano, 15 Mei

Kwaya. Irma kaniuliza, Saija hajambo? Nikasema hajambo. Basi! Mdomo ulikuwa mzito kama nimejaza mchanga. Sauti ya juu leo haikutoka.

Nyumbani nikashika kikapu cha sufu. Nikakirudisha kabatini. Usingizi hakuna.

Alhamisi, 16 Mei

Kipimo kilikuwa asubuhi. Sasa tumeshakula mchana—wao wamekula, mimi nimezungusha kijiko. Simu nimeiweka karibu na jiko. Hailii.

Taisto kaingia na ndoo, imejaa mpaka juu, kafurahi kama mtoto. "Mama Saija, huu wa akiba! Msichana alivyoupenda vile, tutampelekea Turku."

Siwezi kumwambia. Nimeuosha. Nimebandika maji. Nimefungua madirisha yote, na baridi inaingia hadi chumba cha Elvi. Anapiga kelele kutoka kitandani: "Madirisha wazi hivi, nani kafa?" Taisto anamcheka. Anamwambia, hakuna aliyekufa, Mama, tunachemsha uyoga tu.

Nimemwandikia Saija: Mwanangu, neno moja tu, zuri au baya, lete upesi.

Alama inaonyesha kasoma, hajajibu.

Maji yameanza kuchemka. Taisto ananiuliza mbona sijautia uyoga, nami bado naitazama simu.