Chupa Zisizochipua

Dada Rogathe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji Agustino na watoto, na kwamba baridi ya huko Daudi haijakurudishia kile kifua. Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo utazisoma humu.

Unamkumbuka Nicodemo, mwenzangu wa maabara. Ulimpikia tulipokuja kuchukua vitunguu saumu vyako vilivyonusurika na ugonjwa. Ulitukabidhi vyote, ukasema majirani watasubiri mbegu safi.

Kuvikuza kwenye chupa ilikuwa kazi yangu. Kipande cha kitunguu hugeuka donge la seli, na donge hilo linaweza kutoa miche. Mimi ndiye niliyegundua kwa nini madonge mengine hukataa. Ndani ya kila seli kuna nyuzi nyembamba mno, kama fito za nyumba, zinazoielekeza igawanyike upande gani. Zikikaa sawa, chipukizi hutoka. Zikivurugika, donge hunenepa tu. Nilizitia rangi, nikazipiga picha.

Picha hizo Nicodemo aliwaonyesha wafadhili kama zake. Nilipoinuka kuuliza, akawaambia, "Huyu dada hutuoshea chupa." Ukumbi mzima ukacheka. Wakampa uongozi wa mradi, wakamtaka awaonyeshe wakulima miche pale Mbulu mjini.

Sikulia, dada. Nilitia kwenye zile chupa dawa inayovunja nyuzi. Kila asubuhi alipita, akaona madonge yananenepa, akadhani yanakaribia kuchipua. Nami nikamwitikia kwa adabu.

Siku ilipofika alifungua sanduku mbele ya watu. Hapakuwa na jani hata moja. Mama Genoveva, yule wa Tumati, akauliza kama hivyo ni vitunguu au ni ugali wa jana. Wafadhili wakamtaka aeleze. Akaniita nimsaidie. Nikajibu kwa sauti kwamba mwosha chupa hajui mambo hayo. Wamemwondoa kwenye mradi, na mimi nililala usingizi mtamu.

Sasa kuna jambo ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu. Zile chupa zilikuwa vitunguu vyako, vyote. Ningeweza kubakiza chache pembeni, nikaogopa atazipata aokoke nazo. Sikubakiza. Mbegu safi uliyotukabidhi haipo tena, nami ndiye niliyeiua. Msimu huu majirani zako watapanda tena yenye ugonjwa.

Wewe nakuomba msamaha kwa magoti. Wakulima nitakuja kuwaambia mwenyewe, hata wakinifukuza. Ila usinitume kwa Nicodemo kumwomba radhi. Jana alikuja amekonda, akaniuliza kama najua kilichoharibika. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Ningepewa siku ile tena, ningefanya vilevile, na hilo linanitisha kuliko hasira yako.

Msalimie shemeji na watoto, na majirani kama bado watapokea salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako,
Fabiola