Nilimmulikia Mama Mkwe Jino kwa Mbali

Mzee Isaka, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Gungu, nimekwama mahali ambapo hata shoga yangu Regina amecheka badala ya kunisaidia, kwa hiyo nakumwagia wewe yote, unikaripie ukitaka, lakini unisaidie.

Mimi ni msaidizi katika zahanati ndogo ya meno na nimechumbiwa na Heritier, ambaye mama yake anauza dagaa Kagunga, sasa mwezi uliopita huyo mama alivunjika kipande cha jino la mbele akaja kwetu kwa boti, Daktari Feliksi akalisafisha jino, akapaka gundi, akaanza kujenga kipande kipya kwa ule ute mzito unaogandishwa kwa taa ya bluu, na kushika taa ndiyo kazi yangu, akaniambia, "Veneranda, isogeze mpaka ikaribie kugusa jino, sekunde ishirini kila mara," kisha akageuka kuandaa tabaka linalofuata. Mzee, huyo ni mama mkwe, mimi hata kula mbele yake naona haya, nitamshikaje kidevu na kuchungulia kinywani mwake? Nikasimama mbali, mkono nimeunyoosha, uso nimeugeuzia dirishani, na nilipofika sekunde ya nane akafunga mdomo akaniuliza, "Mkwe, hicho kidude kinasoma mawazo?" tukacheka, nami nikashindwa kumwambia afungue tena, na daktari alipogonga juu akakuta pagumu, akaridhika.

Juzi mama amepiga simu, maji baridi yanamchoma, kipande kinacheza, na anawaambia wanawake wote wa Kagunga kwamba Feliksi amemwekea ulimbo wa kunasia ndege, naye daktari anadhani gundi ni mbovu, ameshaifunga arudishe kasha zima kwa aliyemuuzia, na kibaya zaidi mama anasema, "Alhamisi nakuja, ling'olewe, nimechoka nalo." Jino lenyewe ni zima, Mzee, na harusi ni baada ya wiki tatu, Regina ananiambia, "Nyamaza, shoga, pengo halijawahi kuvunja uchumba, ila maneno yamevunja mengi." Ninyamaze?

Veneranda (si jina langu), Gungu

Veneranda, marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili: mara ya kwanza nikitafuta nukta, mara ya pili nikitafuta sababu ya kukuhurumia. Nukta ni chache. Sababu nimeiona: hukufanya hivyo kwa uvivu, ulifanya kwa adabu. Lakini adabu inayomng'oa mtu jino si adabu tena, binti yangu.

Sipendi kushauri nisilolijua, kwa hiyo nilimwendea tabibu mmoja wa meno hapa Ujiji. Amenieleza kwamba ute huo ni plastiki iliyochanganywa na unga laini sana wa kioo. Kioo huupa ugumu wa kuhimili kutafuna, na plastiki hukishikanisha. Lakini plastiki hiyo, pamoja na gundi iliyo chini yake, hushikana pale tu mwanga unapofika kwa nguvu na kwa muda uliopangwa. Ukiiweka taa mbali, mwanga hufika umechoka. Juu huganda, ukigonga unasikia pagumu, na chini hubaki teketeke kama ugali uliopakuliwa kabla ya kuiva. Mate hupenya, kipande hucheza. Hapo umeelewa? Gundi haina kosa. Feliksi kosa lake ni kukugeuzia mgongo tu. Mengine ni yako.

Huyo Regina mwambie pengo si lake. Unataka mama wa watu akae mbele ya wageni harusini, mkono mdomoni, kwa sababu wewe uliangalia dirishani?

Kesho asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mwambie daktari: "Kasha usilirudishe. Taa niliishika mbali, tena sikumaliza sekunde." Atakufokea. Mwache afoke, ana haki. Kisha mwombe akupangie Alhamisi nafasi ndefu: kipande cha zamani kiondolewe chote, jino likaushwe, gundi ipakwe upya, ute uwekwe kwa matabaka membamba, na kila tabaka limulikwe kwa karibu mpaka muda wake uishe.

Jioni mpigie mama simu wewe mwenyewe. Usizungukezunguke kwa habari za dagaa. Sema: "Mama, jino lako ni zima, usiling'oe. Nilikuonea haya, nikaharibu kazi." Mwanamke anayeuliza kama taa inasoma mawazo ataweza kucheka na hili pia, na akikasirika, ni heri akasirike akiwa na meno yote. Mwombe pia awaambie wanawake wa Kagunga kwamba Feliksi hakumwekea ulimbo.

Siku hiyo, kabla hujamgusa, mwombe ruhusa ya kumshika kidevu, kisha mshike kweli. Ukiona bado unamwonea haya, mpe mwenzako taa, wewe ukae kando.

Na Heritier usimtume akakusemee. Hakuwa ameshika taa.