Mate kwenye Kichwa cha Mama

Jumapili, Muyeye. Joto limeganda, hata pazia halitikisiki.

Tfu.

Tangu Ijumaa sauti hiyo haijanitoka masikioni. Ni mate ya shangazi yangu yakitua kwenye utosi wa mama.

Wiki iliyopita mama alitiwa tena dawa ya saratani. Imempukutisha nywele, na chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili, karibu zimekwisha. Daktari alituonya: kwa sasa hata kikohozi cha mgeni kinaweza kumwondoa.

Shangazi alikuja kumjulia hali, akamsomea dua. Dua sina neno nayo. Lakini alikuwa akitafuna tambuu, ile inayofanya mate kuwa mekundu. Aliisukumia shavuni, akasoma, akamtemea mate ya baraka. Kitone chekundu kikateremka kwenye kipara cha mama mpaka pale zilipokuwa nyusi.



"Na wewe, bibi maabara," shangazi akaniambia, "mbona umekunja uso kama uliyeramba ndimu?"

Mama akacheka. Nami nikatabasamu.

Nilitabasamu! Hilo linanichefua kuliko yale mate.

Maana mimi najua. Kazi yangu kule Kilifi ni kupima kichocheo ambacho mwili hujitengenezea wenyewe ili kuuamsha uboho wa mifupa uzalishe chembe nyeupe. Kwa wagonjwa wengi kama mama, chembe zikishuka, kichocheo hupanda sana. Mwili wake haujakata tamaa. Unaita kwa nguvu zake zote, ila uboho umechoshwa na dawa, unakawia kuitika. Anachohitaji ni siku chache tu, asiletewe uchafu.

Kazini siigusi hata chupa bila glavu. Nyumbani nikasimama kama nguzo, nikaita woga wangu heshima. Niliogopa kuambiwa kisomo kimeniharibia adabu.

Nampima joto kila baada ya saa chache. Bado halijapanda.

Leo asubuhi shangazi amerudi, shavu limejaa. Nimemwamkia shikamoo, nikasimama mlangoni, sikusogea. Nimemwambia hakuna atakayeingia kwa mama, awe na dua au asiwe nayo.

Mama ameniita kutoka ndani, kwa ukali: "Mwache wifi yangu apite!" Sikugeuka.

Shangazi amenijia juu. "Unanifukuza mimi? Kwenye nyumba ya marehemu kaka yangu?"

"Ndiyo, shangazi," nimemjibu. "Mpaka chembe zake zipande."

Kisha nimefunga mlango, nikatia komeo.