Mwezi Aliouona Swabra

Mayfair, Johannesburg
Juni 2015

Dada Zabibu mpenzi,

Nakuandikia nimejifunika blanketi mbili na bado meno yanagongana. Bizari zako zimefika. Jirani yangu Msomali ameshazimaliza nusu, nami sina ubavu wa kumnyima.

Binti yetu Swabra hatupumzishi. Shuleni wamesoma habari za Maria Mitchell, mtaalamu wa hesabu na nyota wa Marekani ya zamani. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Mwaka 1847, akiwa juu ya paa, aliona nyota yenye mkia isiyojulikana. Alisita kusema, baba yake akaandika barua kupeleka habari kwa wataalamu.

Basi juzi magharibi Swabra akapanda paa la ghorofa letu kutafuta mwezi wa Ramadhani. Akashuka mbio.

"Nimeuona!"

Nikamwambia habari hiyo ipelekwe msikitini. Akamgeukia baba yake.

"Baba yake Maria alimpelekea habari. Wewe utanipelekea?"

Dada, kuna jambo nilikuficha. Tangu wenye chuki na wageni walipovunja duka letu mwezi wa nne, shemeji yako Naseeb hajatoka nje. Hata Ijumaa anaswali chumbani, na mlango ameutia makomeo matatu.

Lakini juzi, kwa swali hilo la mtoto, aliinuka. Kisha akavaa kanzu, akamshika Swabra mkono, wakashuka ngazi kwenda kutoa ushahidi.

Kwa haraka yake aliuacha mlango wazi. Baridi ikaingia hadi jikoni, na sikuufunga.

Tufunge kwa heri, dada yangu.

Mdogo wako,
Mwanahamisi